Filamu Moja ya Tunu

Sheria ilimruhusu mtu kutengeneza filamu moja tu maishani mwake. Tunu Shekue wa Tanga alikuwa ameiweka yake kwa ajili ya mama yake, Bi Mwanaate, aliyewahi kutikisa kumbi za harusi kwa sauti yake. Lakini Mshamu, rafiki aliyemwamini akamsimulia hadithi ya filamu hiyo, aliiiba, akamtafuta mwimbaji mwingine, akaitoa kama yake. Sifa zote zikawa zake.

"Achana naye, mwanangu," Bi Mwanaate alimsihi. "Nirekodi mimi kabla sauti haijanikauka."

"Kwanza nimkomeshe yule, mama."

"Kwanza? Kwani kuna ya pili?"

Tunu alichukua kamera akamwandama Mshamu, akawahoji wote aliowadhulumu, akauanika uongo wake hadharani. Filamu ilipotoka, mji mzima ulimgeuka Mshamu. Mkewe alifungasha akaenda kwao. Tunu alipomwona akizomewa sokoni, moyo wake uliburudika kama wa mtu aliyefuturu kwa maji baridi.

Alirudi nyumbani akicheka. "Nimemmaliza, mama! Njoo tuitazame."

Bi Mwanaate alikuja amevaa gauni lake la jukwaani, akaketi. Alitaka kusema neno, ukamtoka mkwaruzo tu. Tunu akawasha filamu. Uso wa Mshamu ukaujaza ukuta mzima wa sebule, ukitabasamu, na mama akautazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja na mizigo yake yote.