Pazia la Ghorofani

Fundi Chande alipanda ngazi iliyoishia hewani, msumeno wa kukatia chuma mkononi. Juu ya zege nondo zilisimama zimeshika kutu. Bi Rukia, mwenye nyumba, alikwisha kumtangulia.

"Zikatwe zote, mama?"

"Zote. Benki imepandisha riba, mkopo wa kumalizia ghorofa siuwezi tena."

"Redioni wanasema ni Benki Kuu, inataka bei zishuke."

"Na zimeshuka, mwanangu, nisiseme uongo. Chai nakunywa na sukari." Akaitazama barabara ya stendi. "Ila chumba cha Saumu ndicho kilichokwenda."

Saumu, bintiye, aliolewa mbali. Kwao, uzazi wa kwanza binti hurudi kwa mama, na Bi Rukia alikuwa amemwahidi chumba cha juu, chenye upepo.

"Jana kapiga simu. Atajifungulia huko huko, kwa mkwewe."

Fundi akaanza kukata, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye nondo mbili za upande wa barabara, Bi Rukia akamshika mkono.

"Hizo niachie."

Akafungua furushi alilopanda nalo, akatoa pazia jipya alilolinunua kwa chumba cha Saumu, akalifunga baina ya nondo hizo. Upepo ule alioahidi ukaja, ukalijaza, pazia likatuna kama tumbo la mja mzito.