Panga Lililopozwa kwa Hasira

Ngwali alilichomoa panga jekundu motoni, akalitumbukiza kwenye pipa la maji. Maji yakafoka, mvuke ukamfunika uso.

“Leo Hamdu atanitambua! Kuning'oa jino mbele ya mke wangu!”

Bi Salime, mama yao wote wawili, alisimama mlangoni. Mjane wa mhunzi, alijua: chuma kikipozwa ghafla huwa kigumu, lakini huvunjika kama kioo, mpaka kirudishwe motoni kidogo kilegee. Ngwali, kwa hasira, hakulirudisha. Akimkumbusha, litakuwa panga la kuua kweli. Akinyamaza, huenda vipande vikamrukia mwenyewe machoni.

“Mwanangu, liweke chini, nakusihi.”

“Nipishe, mama!”

Uani, Hamdu alikuwa ameshika mtaimbo. “Njoo basi, kibogoyo!”

Bi Salime akakimbia kujitupa katikati yao, na Ngwali naye akashusha panga kwa nguvu zake zote. Likagonga mtaimbo, likapasuka vipande vipande.

Ngwali alibaki na mpini mkononi. Mama yao alikuwa amepiga magoti, amejiziba uso kwa kanga, damu ikipenya polepole kwenye maua yake. Hakuna kati yao aliyethubutu kumfunua.