Mtu wa Sita

Tangu Kura ya Mwisho, ile iliyofuta kura zote, watu zaidi ya watano hawaruhusiwi kukusanyika, na mabomu yamekoma kweli. Bi Mashavu mwenyewe alipiga kura ya ndiyo, wiki moja baada ya mumewe kulipuliwa sokoni.

Leo anamwoza binti yake. Sebuleni wameingia maharusi, kadhi na mashahidi wawili, watano wametimia, na mama mtu kabaki uani peke yake, kando ya lile sufuria la pilau ya watu mia ambalo siku hizi anawekea maji.

Dirishani akamsikia bwana harusi: "Nimekubali."

Bi Mashavu akapiga kigelegele kirefu, kisha akasubiri majirani wampokee kama zamani.

Spika ya serikali juu ya mlango ikamuuliza kwa upole, "Mama, unamwita nani?"