Ufunguo wa Bi Kidawa

Bi Kidawa alikuwa amekalia kigoda mbele ya mlango wa chumba, mgongo kauegemeza kwenye ubao, miguu kainyoosha.

"Ufunguo uko humu," alisema, akijipigapiga kifuani juu ya gauni. "Mwenye ubavu aje auchukue."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Sohail hakucheka. Boti ya kwenda Nyamisati, bara, ilikuwa inaondoka saa mbili, na saa ya ukutani ilionyesha saa moja na nusu.

Ndani ya chumba kile alikuwamo mama yake, Bi Masooma, pamoja na sanduku lake la safari. Wiki nzima Sohail alikuwa akifunga mizigo. Duka la marehemu baba yake alishalifunga. Kesho asubuhi alitakiwa kazini Dar es Salaam, na likizo nyingine ni mpaka mwakani. Mama alikuwa na miaka sabini na miwili na aliishi peke yake. Mtoto gani angekubali? Huko Upanga, ghorofa ya nne, chumba chake kilishapakwa rangi. Siku alipoambiwa, mama alijibu, "Utakavyo, mwanangu," akaendelea kuchambua mchele.

Na sasa, siku yenyewe ya safari, utani.

Kilindoni nzima iliujua utani wa wanawake hawa wawili. Miaka arobaini Bi Kidawa alikuwa akivuka kutoka kisiwa cha Chole kuleta mikeka dukani, na miaka arobaini walikuwa wakirushiana maneno. Utani huo ulikuwa na sheria yake. Mtani akikushikia kitu siku unayosafiri, unakikomboa kwa kusifia kwao, kwa kinywa chako mwenyewe. Yeye hasukumwi wala hakasirikiwi. Anayekasirika, basi si mtu wa hapa.

"Masooma!" Bi Kidawa akapaza sauti. "Nataka neno moja tu. Sema Chole ni mji."

"Mji?" sauti ya mama ikajibu kutoka ndani. "Mji usio na gari hata moja? Mji wenye popo wengi kuliko watu?"

"Popo wana akili zao. Mbona hawaji kulala Kilindoni? Kwetu panaitwa Chole Mjini mpaka leo. Serikali ilikaa kwetu, nyinyi huku mkifukuzana na ngedere!"

"Ikawakimbia! Ikaja kwenye watu!"

Majirani wakapiga makofi. Nje, Taufiki wa bajaji akapiga honi.

Sohail akausogelea mlango. "Mama, sema tu. Ni mchezo."

"Mchezo kwako. Mimi nimezaliwa Kilindoni. Siwezi kuuaga mji wangu kwa kuutukana."

Bi Kidawa akainamisha kichwa kumpisha, naye Sohail akachungulia tundu la ufunguo. Dirisha la chumba lilitazama mashariki na jua lilishapanda, lakini tundu lilikuwa jeusi tii. Akadhani mama kateremsha mapazia. Kupitia dirishani haikuwezekana. Lilikuwa na nondo, na aliyezitia ni yeye mwenyewe, mwaka juzi, kwa kuhofia wezi.

"Nitasema mimi," akamwambia Bi Kidawa. "Chole ni mji. Mji mkubwa, mji mzuri..."

"Sifa zako sizitaki, mwanangu. Wewe siku hizi wa Dar."

Watu wakacheka tena. Kicheko hicho kilimchoma. Akaitazama saa: mbili kasoro robo. Akaingia dukani, akarudi na mtaimbo.

Bi Kidawa hakusogea. Alimtazama tu, mkono bado kifuani.

"Sohail," akasema Bi Chiku wa nyumba ya pili, aliyembeba mgongoni utotoni. "Kwa mtani?"

Mlango ule wa mninga aliuweka babu yake. Mbele yake kaketi mzee asiyeguswa, na nyuma yake wamesimama watu waliomjua tangu anatambaa, wakingoja waone yeye ni wa wapi. Jasho lilimtiririka mpaka kiunoni. Akauweka mtaimbo mezani, na simu yake kando, akajifuta uso kwa viganja.

"Mama!" Sauti yake ilipasuka. "Boti inaondoka. Nikienda bila wewe, mpaka mwakani. Unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Wewe nenda, kazi haingoji. Mimi na huyu mshamba wa Chole tutamalizana wenyewe."

"Utanisamehe, Mama?"

"Nimekusamehe. Kimbia."

Akabeba begi lake, akatoka kichwa chini. Majirani wote wakamsindikiza mpaka kwenye bajaji, wakimwombea safari njema, wakimwambia asijali, mzee hatakufa njaa, mlango utafunguliwa tu. Taufiki akawasha. Sohail akapapasa mfukoni. Simu!

"Nisubiri!"

Akarudi mbio, akavua viatu kizingitini kwa mazoea, akaingia kimyakimya. Sebuleni alibaki Bi Kidawa peke yake, bado yuko kwenye kigoda, mikono yote miwili sasa iko magotini.

"Ameondoka," Bi Kidawa akauambia mlango, kwa sauti ya chini.

Kitasa kikalia mara mbili. Mama akatoka peku, ufunguo kauning'iniza kidoleni, akamshika mtani wake mkono na kumwinua.

"Haya," akasema. "Chole ni mji."