Ufa Ukutani

Mpiga picha alikuwa amezunguka dunia akipiga picha kuta za kale, na kila mara aliwaomba watu wapishe matofali yaonekane.

Asubuhi hii, kupitia lenzi, aliuona ufa ambao jana ulikuwa mwembamba kama uzi. Sasa ungemeza kiganja, na chokaa ilidondoka kama unga begani mwa bibi aliyeketi chini yake akishona kifungo.

"Bibi, ondoka! Ukuta unaanguka!"

"Jana uliniondoa kwa ajili ya matofali yako, mjukuu wangu. Leo umekuja na uongo mpya. Sibanduki."

Mpiga picha akajilazimisha kutabasamu.

"Basi leo nataka picha yako wewe, bibi. Njoo huku kwenye mwanga."

Uso wa bibi ukachangamka.

"Subiri kwanza," akasema, akaanza kupapasa chini akitafuta kiatu cha pili.