Moyo Uliosita

Katika nchi ile, moyo wa Malkia ulisikika kila nyumba. Ulidunda kutoka kipaza sauti kidogo ukutani, usiku na mchana, na kwa mdundo huo watu walitwanga, wakabembeleza watoto, wakasindikiza hata maiti zao makaburini. Ukimuuliza mtu kwao ni wapi, hakutaja mji. Alijipigapiga kifuani kwa mdundo ule ule, nawe ukajua ni ndugu yako.

Malkia alikuwa na kasoro moja, nayo ndiyo iliyopendwa: kila baada ya mapigo machache moyo wake ulisita kidogo, kama mtu anayeruka kidimbwi.

Asubuhi moja Bi Somoe alikuwa akikanda unga wa chapati, mikono ikapotea njia. Akatega sikio. Moyo ulikuwa unakwenda moja kwa moja, bila kusita. Chumbani mjukuu wake akaanza kulia, akakataa ziwa la mamaye.

"Si wake huu," Bi Somoe alisema.

"Mama, taratibu," binti yake Thuwaiba alinong'ona, akitoka na mtoto, macho ukutani. "Redio imesema Malkia ni mzima."

Bi Somoe alinawa, akampakata mtoto, akawa anampigapiga mgongoni mdundo wa zamani, akisita pale pale aliposita Malkia. Mtoto akanyamaza, akalala.

Thuwaiba akaenda kufunga dirisha, majirani wasije wakasikia maneno ya mama yake. Alipofika akasimama. Nyumba ya pili walikuwa wakitwanga, na kila baada ya mapigo machache mchi ulisita kidogo, kisha ukaendelea.