Muhanga na Mashimo ya Mtama

Nyikani aliishi Muhanga, mnyama hodari wa kuchimba, asiye na jirani wa karibu. Alichimba mashimo, akatia samadi na kupanda mtama, ili hata mvua kidogo ituame humo. Wanyama walimcheka.

Ukame ulipokausha mashamba yao, walikuja kula kwake kila siku, na Muhanga akazoea kula na wenzake.

Siku moja Ngiri, mwenye haya, alimwambia, "Dada, tumekusumbua vya kutosha. Tufundishe na sisi."

Muhanga alimpeleka kwenye ardhi tupu. Alijua wakishafundishwa hawatakuja tena.

"Anzia hapa," akasema. "Chimba mpaka pembe zako zizame."

Msimu uliofuata nyika nzima ilivuna. Muhanga alipika sufuria kubwa, akangoja mlangoni, kisha akala peke yake.